Nyasi Uani si Uvivu

Mwezi huu hatutazungumzia homa wala chakula cha mtoto. Tutazungumzia jambo ambalo kwa muda mrefu tuliona haya kuliandika, nalo ni nyasi. Ndiyo, nyasi zile zile ambazo sisi akina mama tumelelewa kuzing'oa kabla jua halijachomoza.

Ukipita katika vijiji vyetu alfajiri, sauti ya kwanza baada ya jogoo ni ya ufagio. Kila ua una mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa, na mtu anayepita anajua kwamba humo ndani mwanamke ameamka. Mwali anapoolewa, watu hawamwulizi kwanza kama anajua kupika. Wanatazama ua wake. Kusema kwamba "nyasi zimefika mlangoni kwake" ni kumtukana mama wa nyumba, au ni kusema kwamba nyumba hiyo imehamwa. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu, na hivyo ndivyo tulivyowafundisha binti zetu.

Hatuandiki haya ili kuudharau ufagio. Tumefanya kazi ya uuguzi miaka mingi na tunajua ua safi umeokoa watoto wangapi na minyoo, moto na miiba. Tunaandika kwa sababu nyumba yetu wenyewe ilitufundisha kwamba ufagio peke yake hautoshi.

Ua uliposhuka

Nyumba yetu iko kwenye mteremko mdogo wa udongo wa kichanga. Chini yake kuna mbuga yenye udongo mweusi ambako watu hulima mpunga. Tulipojenga, msingi ulifukiwa vizuri, na safu ya kwanza ya matofali ilikaa sawasawa na ua. Miaka 12 baadaye msingi ulikuwa umetokeza nje shubiri nzima upande wa chini, na kuku walikuwa wamechimba mahali pa kulala chini ya kona ya chumba cha watoto. Ukutani ukaonekana ufa.

Baba watoto akaita fundi. Fundi akainama, akachungulia, akacheka kidogo, kisha akasema, "Mama, nyumba haijapanda. Ua ndio umeshuka."

Neno hilo lilituingia. Udongo ule ulikwenda wapi? Mama, piga hesabu pamoja nasi. Kila asubuhi ufagio unalegeza tabaka jembamba la udongo na kulisukuma pembeni. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo unachukua lake. Halafu inakuja mvua ya kwanza ya Novemba, ile yenye matone makubwa. Inakuta ardhi haina jani hata moja la kupunguza kishindo chake. Matone yanapiga, yanavunja udongo, na maji yanaubeba kwenda mbugani. Mwaka mmoja huoni kitu. Miaka 12 unaona msingi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumekwisha fika kwenye kujenga ukuta. Fedha zilizokuwa za sare za shule zikaenda kwenye saruji na mawe. Ndipo bwana shamba alipotushauri kwamba kabla ya saruji nyingine tupande nyasi, si ovyo, bali kwa mstari, kukingama na mteremko. Akaongeza kwamba nyasi hizo zikitunzwa ni pambo la nyumba kama maua.

Nyasi ni ukoo mkubwa

Tukianza kufikiri, tuligundua kwamba sisi watu wa Unyamwezi hatujawahi kuishi bila nyasi. Mtama, uwele, ulezi, mpunga na mahindi, vyote ni vya ukoo wa nyasi. Muwa ni nyasi. Hata mwanzi ni nyasi. Babu zetu waliezeka misonge kwa nyasi, na mpaka leo mtu asiye na bati huvuna nyasi za kuezekea baada ya mvua kwisha. Bibi zetu walijua ipi ya kusuka, ipi ya kufungia na ipi ya kutandika.

Tena kuna ngitili. Wanyamwezi na Wasukuma wana desturi ya zamani ya kutenga eneo la nyasi na miti, mifugo isiingie wakati wa mvua, ili chakula kibaki cha kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imefifia. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, kwa majirani zetu wa kaskazini. Mradi uliwarudisha watu kwenye ngitili zao, na mpaka ulipomalizika mwaka 2004 ardhi iliyorejeshwa ilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo nyasi zilizopewa mpaka na heshima zimewahi kuuponya mkoa wa jirani. Kwa nini zisiponye ua?

Na huko ng'ambo je? Watu wa Ulaya na Marekani hununua nyasi za kupamba bustani kwa fedha nyingi, na nyingine asili yake ni huku kwetu Afrika. Hata uwele wetu umekwenda huko. Kuna aina ya uwele yenye majani ya zambarau iliyokoza, iitwayo Purple Majesty, ambayo mwaka 2003 ilipewa nishani ya dhahabu ya mimea ya bustani nchini Marekani. Tulipowaeleza akina mama wa kanisani kwamba kuna watu wanaopanda uwele mbele ya nyumba ili wautazame tu, walicheka mpaka wakafuta machozi.

Lakini tusicheke tukasahau funzo la pili. Nyasi ikihamishwa kutoka kwao yaweza kuwa adui. Ile nyasi ya nyanda za juu za Kenya inayoitwa kwa jina la Wakikuyu ilipelekwa nchi nyingi kwa ajili ya malisho na bustani, na leo katika baadhi ya nchi hizo inahesabiwa kuwa gugu. Kwa hiyo usipande kitu kwa sababu ya uzuri tu. Uliza kwanza tabia yake.

Kosa letu sisi wenyewe

Sasa tuungame. Mara ya kwanza tulipanda vibaya, na tusingependa wewe urudie kosa letu.

Tulipata mashina ya mchaichai kwa rafiki. Kwa furaha tukayapanda pale tulipoona panapendeza, yaani chini kabisa ya dirisha la jikoni, yakigusa ukuta. Yalistawi. Miaka miwili hatukuyakata, kwa sababu tulipenda jinsi yalivyoinama. Majani makavu yakarundikana ndani ya shina. Karibu na hapo tulianika mahindi na karanga, na punje zilizodondoka zikaita panya. Kuku mmoja naye akaona mahali pazuri pa kutagia.

Mwezi wa Oktoba, saa kumi za jioni, kitindamimba wetu alikuwa ameinama kuingiza mkono humo achukue mayai. Bibi yake, mama mzaa baba, alikuwa ameketi kivulini akichambua maharage. Alisikia sauti ya kupuliza, kama mtu anayepoza uji. Alipiga ukelele ambao hatujausikia tangu wala kabla, na mtoto akaruka nyuma. Ndani ya lile shina alikuwamo kifutu, mnene kama mkono.

Mtoto hakung'atwa. Lakini sisi ambao tumekesha na wagonjwa wa kung'atwa na nyoka tulijua ni kitu gani kilichotupita. Magoti hayakuwa na nguvu mpaka usiku.

Bibi hakutugombeza. Alichukua jembe, akang'oa mashina yote, akayachoma. Alipomaliza alisema maneno machache tu, "Mwanangu, wewe umesoma. Lakini nyoka hajasoma."

Tulinyamaza, kwa kuwa alikuwa na haki. Mwaka mzima ua wetu ulikuwa mtupu kama zamani. Mvua zikaja, na udongo ukaendelea kushuka. Ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa na makosa mawili. La kwanza ni kuacha ardhi uchi, la pili ni kuivika nguo bila kuifua. Tukamwomba bibi tuanze upya kwa masharti yake. Aliweka manne, nasi tunakupa wewe bila kupunguza.

La kwanza, nyasi ndefu isikaribie ukuta, mlango wala njia ya choo. Iwe mbali hatua tano au zaidi, na kati yake na nyumba pafagiliwe.

La pili, nyasi iwe na mstari au mpaka. Ile iliyotoka nje ya mpaka ing'olewe siku hiyo hiyo.

La tatu, ikatwe kila mwaka, ipende isipende.

La nne, karibu nayo pasiwekwe kuni, matofali, magunia wala nafaka, na kuku wasitagie humo.

Chagua nyasi zenye adabu

Mchaichai. Huu ndio tunaoupenda kuliko zote. Asili yake ni Asia, lakini umezoea kwetu. Unakaa mahali pake kwa sababu huongezeka kwa mashina na ni nadra kutoa mbegu. Majani yake yanainama vizuri, yananukia, na chai yake tunaijua sote. Mbuzi wengi hawaupendi, na hapa kwetu hiyo ni sifa kubwa. Shina moja linataka nafasi ya sentimita 60 mpaka mita 1.

Vetiva. Nyasi hii asili yake ni India. Juu inafanana na mchaichai lakini inasimama wima zaidi, na majani yake hayanukii limau. Kazi yake iko chini. Mizizi yake inakwenda chini moja kwa moja na inaweza kufika mita 3, ikishika udongo kama nguzo za boma. Aina inayopandwa kwa kuhifadhi ardhi haizai mbegu zinazoota, kwa hiyo haitakimbilia shamba la jirani. Hii ndiyo ya kupanda pale maji yanapopita. Uliza kwa bwana shamba au bibi shamba upate mashina ya aina hiyo.

Ukoka. Huu ni wa kutambaa, wa kufanya zulia mahali pa kupumzikia. Unavumilia jua letu na miguu ya watoto. Lakini ukoka ni mgeni asiyeaga. Ukiingia katika shamba la viazi utalia. Upande tu mahali penye mpaka wa matofali au mfereji mdogo, na usiupande kamwe karibu na bustani ya mboga.

Nyasi za porini. Mwisho wa mvua utaona porini nyasi nzuri ajabu, nyingine zenye masuke ya rangi ya waridi yanayong'aa jua linapozama. Kata masuke hayo uyatie katika chombo mezani, yatakaa wiki nyingi bila maji. Lakini usiyahamishie uani. Yanapukutisha mbegu, na mwakani utapalilia mpaka uchoke.

Hapo hapo tutaje minyaa, ingawa si nyasi, maana nyumba nyingi kwetu zimezungushiwa minyaa na watu hupenda kupanda nyasi kando yake. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kudhuru macho. Ukiipunguza, watoto wakae mbali. Likitokea la kutokea, osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha nenda ukaonwe na mganga wa zahanati.

Namna ya kupanda

Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei. Panda mvua zikishatulia, mwezi wa Desemba au Januari, ili mashina yapate miezi ya kutosha ya kushika ardhi kabla ya kiangazi.

Kwanza tazama maji. Mvua inaponyesha, jifunike khanga usimame mlangoni. Angalia maji yanaingilia wapi uani na yanatokea wapi. Chomeka vijiti mahali yanapokimbia. Mstari wako wa nyasi utakatiza njia hiyo. Usielekee nayo, maana ukipanda kufuata maji utakuwa umeyachimbia mfereji.

Pili, tayarisha mtaro. Funga kamba kati ya vijiti, chimba mtaro wenye kina cha sentimita 15 hivi, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaunguza mizizi na kuleta inzi.

Tatu, gawa mashina. Ng'oa shina kubwa kwa jembe, lipasue kwa mikono au panga upate vipande vya machipukizi mawili au matatu yenye mizizi. Kata majani yabaki sentimita 20. Usiyaonee huruma, kwa kuwa majani marefu yatanyonya maji kabla mizizi haijaanza kazi.

Nne, panda. Vetiva ipandwe kwa nafasi ya sentimita 10 mpaka 15, kwa kuwa unataka mashina yashikane yawe ukuta. Ukiacha pengo, maji yatalipata hilo hilo. Mchaichai upe nafasi tuliyoitaja. Ukoka panda vipande vya mashina yake kwa umbali wa shubiri moja, ukandamize kwa mguu.

Tano, nyweshea. Wiki za kwanza usikubali udongo ukauke. Hapa kwetu maji ya kisima yana foleni, kwa hiyo sisi tunatumia maji ya kuoshea vyombo na ya kusuuzia nguo. Ya sabuni nyingi tunayamwaga kwingine, au tunayachanganya na maji matupu.

Mstari wa vetiva hautakuwa ukuta mwaka wa kwanza. Wape misimu miwili au mitatu. Kila penye pengo rudishia shina. Utaona upande wa juu wa mstari udongo unaanza kujikusanya wenyewe, kidogo kidogo, mpaka panakuwa tambarare.

Utunzaji wa mwaka mzima

Nyasi za mapambo hazina kazi nyingi, lakini kazi yake ndogo haisubiri.

Wakati wa mvua, palilia magugu kati ya mashina na uzuie nyasi isitoke nje ya mpaka. Ukoka ukatwe kwa fyekeo kila baada ya wiki mbili. Zulia la ukoka likizidi urefu wa kidole si zulia tena.

Mvua zinapokwisha, mwezi wa Mei au Juni, kata vetiva ibaki sentimita 30 mpaka 50. Majani hayo yatandaze chini ya miti ya matunda na kwenye matuta ya mboga, lakini si karibu na ukuta. Yatahifadhi unyevu wa udongo.

Mchaichai uvune mara kwa mara kwa chai. Kata juu kidogo ya sehemu nyeupe ya shina, utachipua tena. Hata kama hunywi chai, katikati ya kiangazi toa majani yote makavu. Hapa ndipo tulipokosea. Jani kavu lililokaa ndani ya shina ni nyumba ya panya, na nyumba ya panya ni meza ya nyoka.

Usichome moto. Tunajua ndiyo njia ya haraka, na tunajua pori letu huungua kila mwaka. Lakini cheche moja upepo wa Septemba unaipeleka kwenye paa la nyasi la jirani. Tena mashina makavu yasikae karibu na jiko la kuni. Kukata ni kazi ya asubuhi moja, na moto hauna asubuhi.

Kila baada ya miaka mitatu hivi, mchaichai huanza kufa katikati na kubaki duara tupu. Ung'oe, gawa, panda upya sehemu changa. Mashina yanayozidi mpe jirani. Sisi tulipanda mstari wa vetiva pembeni mwa uwanja wa kanisa kwa mashina yaliyotoka uani kwetu, mahali ambapo kila masika maji yalikuwa yakichimba korongo kuelekea vyooni. Korongo lile sasa limejaa udongo, na watoto wa shule ya Jumapili wanaruka kamba juu yake.

Ushauri wa muuguzi

Tumeulizwa maswali haya mara nyingi kliniki. Tutayajibu kwa ufupi.

Je, nyasi zinaleta malaria? Mbu wanaoeneza malaria hawazaliani katika nyasi. Wanazaliana katika maji yaliyotuama, na baadhi yao wanapenda vidimbwi vinavyopigwa na jua, kama nyayo za ng'ombe na mashimo ya kufyatulia matofali. Unaweza kufyeka kijiji kizima na malaria ikabaki kwa sababu ya mashimo hayo. Fukia mashimo.

Je, mchaichai unafukuza mbu? Mafuta yanayokamuliwa katika mmea huu yana harufu ambayo mbu hawaipendi, lakini shina lililosimama uani halitakulinda usiku. Chandarua chenye dawa ndicho cha kutegemea. Wala chai yake haitibu malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo.

Je, majani yanakata? Ndiyo, kingo za mchaichai na vetiva ni kali. Vaa mikono mirefu, funga kitambaa mkononi, na usimwachie mtoto mdogo kazi hiyo.

Na nyoka? Fuata masharti manne ya bibi. Vaa viatu vilivyofunika unapokata. Kabla ya kutia mkono, piga shina kwa fimbo ndefu. Usiku tembea na tochi. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na sisi wa vijijini tunajua limesahauliwa na nani na linaumiza nani.

Mtu aking'atwa, mtulize, mlaze, asitembee. Vua pete, bangili na kiatu kabla mguu au mkono haujavimba. Funga kijiti kando ya kiungo kilichong'atwa ili kisichezecheze, bila kukaza. Usifunge kamba ya kuzuia damu, usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa, wala usipoteze saa ukitafuta jiwe jeusi. Usimfukuze nyoka, maana utatupatia wagonjwa wawili. Tafuta usafiri mpaka kituo cha afya au hospitali. Kama ni pikipiki, mtu mwingine akae nyuma amshike mgonjwa.

Hatua tano za bibi

Leo ukija kwetu utakuta mambo mawili katika ua mmoja. Mbele ya mlango, hatua tano kila upande, ni eneo la ufagio. Pale hapaoti hata jani, na bibi, pamoja na umri wake, hapakubali mtu mwingine pafagiliwe kwa haraka haraka. Mbele ya hapo pamezungukwa na mchaichai uliopangwa kwa nafasi, kila shina limechanwa na kukatwa kama kichwa cha mtoto wa shule. Chini kabisa, penye mteremko, umesimama ukuta wa vetiva. Msingi uliofunikwa na fundi haujaonekana tena. Ufa ule uliozibwa haujafunguka.

Tulipokuwa tukiandika makala hii bibi alituuliza tunaandika nini. Tukamwambia tunaandika habari za nyasi zake. Akasema, "Waambie basi kwamba mimi sikukubali. Nilikubali baada ya kuona zinakatwa."

Mama mpenzi, labda wewe pia una mama mkwe au jirani anayeangalia ua wako. Usibishane naye kwa maneno, wala usimkabidhi kichaka ukamwambia ni bustani. Anza na mashina matano tu, mbali na mlango, yakate kwa wakati wake, na uache mvua moja ipite. Baada ya mvua hiyo mchukue mkatazame pamoja udongo uliobaki.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaendelea na bustani ya mboga ya kiangazi kwa maji ya kusuuzia. Mpaka hapo, tunawatakia afya njema na nyua zenye amani.